Palmier Mbili za Mama

Kila asubuhi mudogo wangu alikuwa anatia photo ya palmier yake mu statut ya simu, na kila asubuhi mi nilikuwa naifungua. Hakuna mutu alinilazimisha. Ningeweza kuamka, kuwasha makala, kupikia batoto chai kama banamuke bengine ba Butembo. Mais hapana. Nilikuwa nabakia pa kitanda na simu mukononi, bwana yangu ananiuliza kuna nini tena, namujibu hakuna kitu, na roho inaniuma mbaya sana.

Ilikuwa sawa na photo moja, kila siku ile ile. Jani kubwa la mviringo, pana kama sinia ya harusi, na mikunjo mikunjo toka katikati mupaka pembeni, namna banamuke ba chorale banapiga pagne yao pasi. Nyuma ya jani, kiti ya plastique. Pa kiti, mama yetu, anacheka na meno yote yenye ilibakia. Na chini yake mudogo wangu aliandika: Maman et sa plante. Sa plante, muti yake. Kama vile mama hakuwa na ingine. Kama vile ingine haikuwa inakufa na baridi nyuma ya jikoni yangu.

Nieleze muzuri. Mama yetu alifagia sacristie ya paroisse moja ya hapa miaka mingi, anafua kanzu za bapadiri, anapanga maua pa altare. Siku moja padiri mugeni akatoka safari ya Kisangani, akamuletea mbegu kumi mu enveloppe, nyekundu, za mviringo kama pilipili kidogo. Akamwambia ni palmier ya kupamba: haitoe mawese, haitoe pombe, inatoa majani tu. Mama akacheka. Kwetu Banande, muti yenye haina kazi hauipatie hata nafasi ya kulaza kuku. Mais padiri ni padiri, zawadi yake hauitupe. Akazipanda mu bikopo bya maziwa, akabipanga karibu na mafiga, pale moto inafikaka kidogo, na tukangoja mupaka tukachoka. Mwezi wa tano, wakati mi nilikuwa namwambia amwange ule udongo, mbili zikatoa kitu kama sindano ya kijani. Zile nane zilioza.

Alizilea mwaka muzima. Wakati mudogo wangu aliolewa na kuhamia Beni, kwa mutu mumoja wa Leta, wa serikali, mwenye balimutuma kazi huku toka Équateur, mama alituita sisi wote wawili. "Moja yako, moja yako," akasema. "Mukazilee." Nakubali hapa mbele ya batu: mi njo nilinyosha mukono wa kwanza, na nikachukua ile kubwa. Mi njo yaya, mi njo nilitangulia kuzaliwa. Mudogo wangu akachukua ile yenye ilibakia, akasema asante mama, akaifunga mu pagne. Hata hakuangalia nimechukua gani. Hiyo njo kitu inanikasirishaka kwake. Haangaliake.

Sasa, kutoka Butembo kwenda Beni si safari ya kuaga batu. Kama barabara iko salama unaondoka asubuhi, na mbele ya saa sita umekwisha kufika. Mais njiani unashuka, unashuka, na mahali fulani unavua koti, sababu kule chini ni joto, ni karibu na pori. Huku kwetu ukungu inakaa pa mulango mupaka saa tatu, batoto banaenda masomo na pull-over. Ile muti ilikuwa ya joto. Mi sikujua. Ningejua, ningefanya nini? Kuhama?

Miaka mbili yangu ilitoa majani nyembamba, marefu, ya kusimama tu. Majirani balikuwa banapita, banauliza: "Mama, umepanda poireau?" Poireau, kitunguu ya majani. Kweli ilifanana na poireau ya mashamba ya Kipese, hata mi niliona, na juu ya hiyo njo ilinichoma. Mwaka wa tatu mudogo wangu akatuma photo: jani ya kwanza ya mviringo imefunguka, kidogo bado, kama mukono ya mutoto. Nikamuandikia: "Félicitations." Kisha nikaenda nyuma ya jikoni, nikasimama mbele ya poireau yangu, nikaitukana.

Usifikiri sikuhangaika. Nilitia mavi ya sungura, nilitia bikapi bya kahawa, nilizungusha bâche kuzuia upepo. Kila jioni niliifunika na gunia, na asubuhi naimwangia maji ya vuguvugu. Bwana yangu aliniangalia siku moja na ndoo mukononi, akasema, "Mais mama, muti inaoga maji ya moto, mi naoga ya baridi. Uliolewa na nani?" Alicheka yeye mwenyewe. Mi sikucheka.

Hiyo yote ingekuwa mambo ya maua tu, kama magoti ya mama haingeharibika. Nyumba yake iko pa mulima, upande wa Rughenda, na mvua ikinyesha ile njia inateleza kama sabuni. Akaanguka mara moja na bidon ya maji, akaanguka mara ya pili bila bidon. Tukaona hapana, hatakaa tena peke yake. Kwetu mujane anaenda kukaa kwa mutoto wake mwanaume, hakuna hata kuuliza. Sisi mama hakuzaa mwanaume. Tuko wabinti wawili tu, donc alipaswa kuchagua.

Bwana yangu na shemeji balienda pamoja kumuomba, na adabu, kila mumoja akasema nyumba iko wazi. Mama akabasikiliza, akabapatia chai, akasema: "Munipe mwaka moja. Mwezi moja Beni, mwezi moja Butembo. Mwaka ikiisha nitawaambia."

Niseme wazi kitu nilitaka. Nilitaka mama aje kwangu. Nilitaka hiyo kushinda nilivyotaka magoti yake ipone, na Mungu anisamehe. Mudogo wangu alinifuata mi kisha miaka sita, na hiyo miaka sita ilikuwa yangu, kisha akakuja akapanda pa mugongo ya mama na hakushuka tena. Mi nilichota maji, mi nilichonga viazi, mi nilisikia "wewe mukubwa, muachie mudogo wako." Hata leo, banamuke wazima hivi tulivyo, mama akikata avocat, kipande chenye hakina doa anamusogezea yeye. Nimeona. Nahesabuka.

Ule mwaka, mwezi wa zamu yangu ukifika, mama alishuka mu gari, akanisalimia na mukono moja, na kabla ya kukaa, kabla ya kunywa maji, akazunguka nyuma ya jikoni. Akainama pole pole na magoti yake, akageuza jani moja, akaangalia chini yake, akasema, "Pole." Aliiambia muti. Kisha akageukia mi. "Ile ya Beni iko na majani munane," akasema, basi, kama mutu anayetoa habari ya mvua.

Munane. Hakuna mutu aliniambia ni examen. Mi mwenyewe njo niliifanya examen. Tangu siku ile niliona akilini kama mama ataenda kukaa pale muti yake inaota muzuri. Na juu ya nini asiende? Kwangu anapata baridi na poireau.

Mwezi moja wa zamu ya Beni, mutoto wa kwanza wa mudogo wangu akafanya première communion. Nikashuka Beni na gunia ya viazi ya Lubero na kuku mbili. Niliiona ile palmier kwa mara ya kwanza na macho yangu, si mu simu. Ilikuwa mu kivuli ya muavocat, karibu na jikoni ya inje, na ilinipita kimo. Nilisimama chini ya jani moja, kichwa yangu yote ikaingia mu kivuli yake. Upepo ikipita, mikunjo ilikuwa inatoa sauti kidogo kama karatasi mupya. Majirani balikuja kupiga photo pale, banapanga batoto na kanzu nyeupe mbele yake. Shemeji akasimama pembeni na tumbo mbele, anaisifu na Lingala yake "kitoko, kitoko," kama vile ye njo aliiumba. Na mudogo wangu akanishika mukono, akanionyesha pa katikati: jani mupya, imefungwa bado, imesimama wima kama mwavuli. "Ya tisa, yaya," akasema. "Juma mbili hivi itafunguka. Mama anasema anaingoja."

Anaingoja. Sawa.

Asubuhi ya siku kuu balienda wote misa. Mi nilisema kichwa inaniuma, nitabaki kuchunga sufuria ya maharagi na ile ya mbuzi. Parcelle, nyumba na kiwanja yake, ikanyamaza. Nilikuwa na kisu ya nyama mukononi, sikuenda kuitafuta, hiyo nataka ieleweke. Ilikuwa tayari mukononi.

Na hapa niwaambie namna nilifikiri, juu nilifikiri, sikufanya kama mwenda wazimu. Mi ni mutoto wa milima ya eucalyptus. Kwetu muti unaikata chini kabisa, unauza mbao, na mwaka ingine pa kile kisiki kunatoka minne, tena imenyooka kushinda ya kwanza. Ndizi ni vile vile: unakata mama, batoto bake banapanda. Maisha yangu yote sijaona muti inakufa juu ya kukatwa. Donc nilijiambia: nitaichelewesha tu. Haitafungua ya tisa. Mama atarudi kwangu na kichwa tulivu, mwaka itaisha, atachagua, kisha hii itoe tena batoto bake kama inataka, hata kumi, sitajali.

Nikaingiza mukono kati ya fito za majani. Nikashusha kisu mupaka chini, pale kweupe na laini, nikazungusha. Ile mwavuli ikatoka muzima muzima, na harufu kama ya mahindi mabichi. Zile fito ziko na meno pembeni, meno ya kupindama, nikasikia zinaniuma mukono wakati wa kuutoa. Nikakata ile jani bipande, nikabitupa mu moto chini ya maharagi. Nilisikia muzuri. Nisidanganye. Nilisikia muzuri mupaka maharagi ikaiva.

Balirudi na kelele na nyimbo. Mama alikaa pembeni yangu pa kibao kunisaidia kupakua, akaona mukono. Mashimo madogo, yamepangana mistari miwili toka kiganja mupaka karibu na kiwiko. Akanishika, akageuza mukono kama alivyogeuzaka majani. Ile muti aliilea ye mwenyewe, alijua inaumaka namna gani. Akainua macho akaangalia palmier, mbali kidogo, kisha akaniangalia mi. Nilijua anajua. Akasimama, akapasha maji, akatia chumvi, akaniosha mukono pole pole mbele ya wageni wote. "Kula," akasema. "Chakula inapoa."

Hakusema ingine. Hakusema siku ile, hakusema mwezi wenye ulifuata wakati alikuwa kwangu. Nilingoja anigombeze. Ningejua kujibu, nilikuwa na majibu mingi. Mais mama alikuwa anachambua maharagi, anaimbia bajukuu, anakunywa uji, na mi nikabeba hiyo kimya yake toka chumba mupaka jikoni.

Juma mbili zikapita, mudogo wangu akapiga simu. "Yaya, jani mupya haikutoka. Pa katikati kuko shimo. Ni mududu?" Nikamwambia labda mududu. "Yaya, yako njo ilizoea taabu na haijakufa. Unafanyaka aje?" Na mi, sijui ni roho gani ilinishika, nikamufundisha. Tia majivu. Punguza maji. Ondoa majani ya chini. Nilisema na sauti ya mwalimu. Alifanya yote, anaandika mu cahier, ananitumia photo nione kama amefanya muzuri. Jani ya munane ikageuka manjano. Kisha ya saba. Photo za asubuhi zikakatika, na mi asubuhi nilikuwa bado nafungua simu kuzitafuta.

Jirani yangu mumoja anafundisha agronomie. Nikamuuliza pa lupango, pa uzio yetu, kama mutu anayeuliza tu: palmier ukiikata pa katikati, itatoa batoto wakati gani? Akaniangalia. "Hapana, mama. Palmier si eucalyptus. Iko na mahali pamoja tu pa kuotea. Ukiitoa pale, imekwisha. Itabakia siku mingi inaonekana muzima, mais imekwisha." Nikamwambia asante. Nikaingia, nikakaa pa kitanda na viatu. Sikutaka kuua. Mais pia sikupiga simu kusema.

Mwaka ikakaribia kuisha, mama yuko Beni, na mi nilikuwa nimejitayarisha. Nilijua atabakia kule. Mutu mwenye akili anaenda kwa mutoto mwenye hana kisu. Hata nilimwambia bwana yangu, "Mama atachagua Beni, usishangae," na niliisema na kiburi, juu afazali useme mbele batu hawajakuambia.

Siku ya posho, jumamosi, saa tisa hivi, gari ikasimama pa mulango. Mama pa kiti ya mbele. Juu ya gari, matelas yake, sufuria zake, valise ya harusi yake. "Nimekuja," akasema. "Mushushe." Nilikimbia kama katoto. Nilichinja kuku, nikasonga obundu, bugali ya muhogo, nikamupangia chumba ya kwanza yenye dirisha ya jua. Nilishinda. Nilikuwa nazunguka nyumba naimba ndani ya roho, nimeshinda, nimeshinda, na nikataka sana kumuona mudogo wangu uso pale pale.

Kesho yake, kisha misa, tulikaa nyuma ya jikoni kwenye jua, yeye na kitunga ya mboga ya lenga-lenga pa magoti. Ningenyamaza, ningebakia na ushindi yangu. Mais mutu kama mi hashibi. Nikamuuliza: "Mama, juu ya nini ulinichagua mi?"

Aliendelea kuchambua. "Mudogo wako, nikimuacha, atalia siku mbili, kisha atacheka na majirani yake," akasema. "Hana shida na mutu. We, mwanangu, uko mugonjwa. Tangu udogo. Nilifikiri itapona na ndoa, nikafikiri itapona na batoto. Sasa niliona mukono yako." Akatupa majani mabovu upande. "Mutoto mugonjwa njo mama anakaa naye. Basi."

Nilikuwa nimeomba kuchaguliwa maisha yangu yote, na nilichaguliwa vile banachagua mutoto wa kupeleka hospitali.

Simu yake ikalia pale pale, iko pa kibao kati yetu. Mudogo wangu. Mama hajuake kuiweka pa sikio, anafungua sauti kubwa. Balisalimiana. Aliuliza safari, aliuliza baridi, aliuliza kama alikula. Kisha akasema na sauti nyembamba: "Mama, unieleze kweli. Uliondoka juu niliua muti yako?"

Mama akachukua simu na mikono miwili, akaniwekea pa mukono. "Jibu we," akasema, akarudi ku lenga-lenga zake.

Ningeweza kukata. Butembo reseau ya simu inakatika kila siku, hakuna mutu angeshangaa. "Ni mi," nikasema. "Siku ya communion, wakati mulienda misa. Niliikata pa katikati na kisu. Nilifikiri itaota tena. Na yale yote nilikufundisha kisha, majivu na nini, yalikuwa uongo."

Nilisikia batoto bake nyuma, nilisikia mutu anatwanga sombe. Nilitayarisha majibu yangu yote, ya mugongo ya mama, ya avocat, ya miaka sita. Anitukane tu. Anitukane, na mi nitamumwangia yote, tumalize.

Akaanza kulia, na kati ya kulia nikasikia anacheka. "Donc haikuwa mi," akasema. "Asante Mungu. Yaya, miezi hii yote nilijiambia mama alinipatia kitu moja kulea, na nilishindwa. Haikuwa mi." Akapumua kama mutu mwenye ameshusha mutungi. "Umuangalie mama muzuri. Baridi ya kwenu, umupatie couverture mbili." Na akaniaga, na upole ule ule wa siku zote.

Nikamurudishia mama simu. Nilimuoneaka mudogo wangu wivu juu ya mama, juu ya joto ya Beni, juu ya majani munane. Hakuna siku nilimuonea wivu kama ile.